Nyumba ni ya Walio Ndani

Hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa wanakikoba na familia zao, Tabata, Dar es Salaam. Wapo walioikosa, wengine wakiwa msibani na wengine kazini. Wameomba niiweke yote, nami naiweka kama nilivyoisema.

Mheshimiwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, viongozi wetu wa kikoba, wazee wangu, akina mama, akina baba mliokubali kuja, na vijana wetu. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Habari za asubuhi.

Nimeombwa niseme juu ya kupunguza vitu majumbani. Ombi lililetwa na mama mmoja wa kikoba chetu, na maneno yake sijayasahau. Aliniambia, "Mwalimu, najua nyumba imejaa. Najua hata pa kuanzia. Hamu ndiyo sina. Nikitoka kazini nikifungua mlango, nachoka upya. Hiyo hamu watu wanaitoa wapi?"

Ndilo swali letu la leo. Sikuja kumfundisha mtu kufagia. Nimefundisha sayansi kimu shule za msingi mpaka nimestaafu, na wanawake wa mji huu wanafagia alfajiri kabla hata daladala hazijaanza kupita. Uvivu haupo hapa. Kama uvivu haupo, mbona stoo hazifunguki? Mbona uvunguni mwa vitanda hapapiti hata mkono? Mbona kuna vyumba vimefungwa, na ndani ya nyumba hiyohiyo kuna mtu analala sebuleni?

Nitawapa jibu langu mapema, halafu nilieleze. Hamu haitoki kwenye vitu. Simama mbele ya stoo, tazama zile ndoo, yale maboksi, yale marobota, uone kama hutarudi kukaa. Hamu inatoka kwa watu. Jiulize kwanza: ndani ya nyumba hii, nani hana nafasi? Mtafute huyo. Mtaje kwa jina. Ukishamjua unayemfungulia nafasi, mkono unaanza kwenda wenyewe.

Nimeingia nyumba nyingi kwa kazi yangu na kwa ujirani, na nimeona jambo moja likijirudia. Sehemu kubwa ya vitu tulivyorundika tunawawekea watu ambao hawakai humo. Tunamwekea mgeni. Tunamwekea marehemu. Tunajiwekea sisi wenyewe wa siku moja, siku tutakayokuwa na kiwanja, siku tutakayojenga, siku tutakayorudi kijijini. Hawa wote wana vyumba, wana makabati. Aliye ndani leo, anayekula humo na kulala humo, anabanwa ukutani.

Tuanze na mgeni.

Mnazijua sebule zetu. Kabati la vioo limejaa seti ya udongo yenye maua, glasi za miguu, hotpoti za kichen pati, nyingine stika ya bei bado ipo. Makochi ya watu saba yamevalishwa nailoni ya dukani, na kwa joto la Dar es Salaam mwezi Januari ukikaa pale ukitaka kuinuka ngozi inabaki. Meza ya chakula ina viti sita. Nani anakula pale? Semeni kweli, nani anakula pale? Watoto wanakula jikoni kwenye vigoda, baba anakula kwenye stuli mbele ya televisheni, na meza imebeba pasi, mafaili, nguo za kukunja, risiti za luku na chaja za simu zilizokufa zamani.

Kuna mama namfahamu, anakaa Segerea. Binti yake alikuwa anajiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Nilikwenda kuwasalimia jioni nikamkuta binti anasomea kitandani, amelala kifudifudi, taa iko nyuma yake, kivuli cha kichwa kimefunika daftari. Kila akiandika mstari anasogea pembeni ausome, halafu anarudi kuandika. Nikamwambia mama yake, naye akajibu, "Mwenyewe anapenda hapo." Nikamwuliza mtoto, "Mama, ungepewa uchague, ungesomea wapi?" Hakujibu. Aliangalia meza ya chakula. Mama yake naye akaangalia alikoangalia mtoto.

Usiku ule hawakusafisha nyumba. Nataka mnisikie vizuri hapa: hawakusafisha nyumba. Walifungua nusu ya meza. Vilivyokuwa juu yake vikapata kwao au vikatoka, taa ikasogezwa, kiti kimoja kikawa cha binti. Basi. Nyumba nzima ilibaki vilevile. Lakini kila jioni mama akipita na sufuria anamwona mtoto wake amekaa wima anaandika, na ni yeye mama aliyekuja kuitaka ile nusu ya pili ili wale pamoja. Baada ya meza akalifuata kabati. Hotpoti moja akabaki nayo, nyingine akawapa maharusi wa ukoo. Ile seti ya maua sasa ndiyo wanayonywea chai. Kikombe kimoja kimeshavunjika, nao wanaendelea kunywea vilivyobaki.

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siwaambii tuwanyime wageni. Mgeni akija Segerea leo anakaribishwa mezani, anawekewa chai kwenye kikombe kizuri, na anayempokea hana aibu ya kufungua mlango ghafla. Wangapi hapa mmeshawahi kubishiwa hodi mkaanza kukimbiza nguo chumbani? Ule ukimbizi ndio ninaousema. Tumemwekea mgeni kila kitu, halafu akija tunataharuki.

Na uchovu ule alioutaja mama wa kikoba chetu, wa kufungua mlango na kuchoka upya, msidhani ni maneno ya mtu dhaifu. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitoa matokeo ya utafiti kwa familia 30 ambazo baba na mama wote wanafanya kazi. Kila mmoja alizunguka nyumbani kwake na kamera akiielezea nyumba kwa maneno yake, kisha wakapimwa mate kwa siku kadhaa kuangalia kotisoli, homoni ya msongo, ambayo kwa kawaida iko juu asubuhi na inashuka kuelekea jioni. Akina mama walioielezea nyumba yao kwa maneno ya mrundikano na ya kazi zisizokwisha, homoni hiyo haikushuka vizuri kama ya wenzao, na mioyo yao ilizidi kuwa mizito kadiri siku ilivyokwenda. Utafiti ule hausemi vitu peke yake ndiyo chanzo. Unachosema kinatosha: mwili unaiona nyumba. Kwa hiyo mama, usijiite mvivu. Umechoka kwa haki.

Sasa nije kwa marehemu. Hapa naomba tuvumiliane, maana najua wapo wenye majonzi mabichi.

Jirani yangu mmoja, mzee wa watu, alifiwa na mkewe. Arobaini ilipokwisha ndugu waligawana baadhi ya vitu kama desturi, na mzee akaomba masanduku mawili na cherehani vibaki chumbani kwa marehemu. Nani angemkatalia? Chumba kikafungwa. Miaka ikaenda. Wajukuu watatu wakaletwa kusoma mjini, wakawa wanalala sebuleni, magodoro yanatandikwa baada ya taarifa ya habari, yanakunjwa kabla ya sala ya alfajiri. Watoto wake wakubwa waliona, wakanyamaza. Mtu utamwambiaje baba yako jambo kama hilo?

Aliyelisema ni mjukuu wa kike, na wala hakulisema kwa ubaya. Alimwuliza, "Babu, bibi alikuwa anavaa nguo gani?" Hakuwahi kumwona bibi yake. Alitaka tu kujua. Mzee akachukua ufunguo.

Mnaijua hewa ya mji huu wa pwani. Chumba kisichofunguliwa dirisha, masika ikipita mara mbili tatu, kila cha kitambaa kinaota ukungu. Sanduku la kwanza lilipofunguliwa, harufu ilifika mpaka uani. Kanga zilikuwa na madoa meusi, nyingine zimeshikana kwenye mikunjo. Moja panya wamepita katikati, palepale penye jina la kanga, halisomeki. Mzee alikaa kitandani na ile kanga mapajani. Akasema, "Mimi nilidhani namtunza."

Ndugu zangu, kile chumba hakikuwa kinamtunza bibi. Kilikuwa kinamwoza. Nasema kwa heshima yote, na mzee mwenyewe ameniruhusu niseme.

Walifua zilizofulika, wakaanika siku nzima juani. Kila binti akapewa doti moja. Mjukuu akapata kitambaa cha kichwa, na siku hiyo akasimuliwa habari za bibi yake kuliko alizowahi kusikia tangu azaliwe, kwa sababu kila nguo iliyotoka ilikuja na kisa chake: hii aliivaa harusini kwa fulani, hii alinunua Kariakoo tukagombana bei. Cherehani likapakwa mafuta, likafungwa mkanda mpya, akapewa binti wa ukoo aliyemaliza ushonaji VETA. Sasa anashonea sare za shule. Chumba kimewekwa dabo deka na kitanda kimoja. Mzee alibaki na kanga moja, hujifunika nayo akilala mchana.

Ninawaomba tahadhari mbili. Kama msiba bado mbichi, acha. Hakuna anayekukimbiza, na mtu yeyote asikuharakishe. Na kama mirathi haijakamilika, usitoe wala kuuza chochote cha marehemu, mpaka msimamizi wa mirathi amalize kazi yake. Nimeona familia zimefarakana kwa sababu ya kabati. Tena hata baada ya hayo, usianzie hapa. Picha, barua, nguo za waliotutoka, ziwe za mwisho kabisa, mkono ukishazoea kuamua mambo madogo. Anayeanza na albamu ya picha anaishia kulia sakafuni, na stoo inafungwa tena mwaka mzima.

Wa tatu ni yule wa siku moja. "Siku moja kitafaa." Tokeni uani mkamwone. Matairi. Sinki lililoondolewa bafuni. Marumaru zilizobaki kwa fundi. Friji bovu linalotumika kama kabati. Na televisheni ya chogo! Mnakumbuka usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa hapa Dar es Salaam? Tukahangaika na ving'amuzi. Baadaye tukanunua televisheni bapa. Chogo likahamia stoo, na king'amuzi cha kwanza kikawekwa juu yake. Vinasubiri nini? Friji bovu kila mwaka linaoza zaidi. Siku utakayojenga, hilo friji halitakuwa friji tena.

Uani kuna hatari kuliko sebuleni, na hili nitalikazia. Mwaka 2014 tulipata mlipuko wa homa ya dengi mjini hapa, na mwaka 2019 tukapata mwingine. Mwalimu mwenzangu anayekaa Mabibo aliuguliwa na mwanawe mwaka ule wa 2019. Kijana wa miaka kumi na sita alikuwa anashindwa kugeuza shingo, macho yanauma kwa ndani, mifupa kama imepondwa. Wakampima malaria hamna, wakampa dawa za maumivu, siku ya nne ndipo ikajulikana ni dengi. Afisa afya alipofika nyumbani hakuangalia chumba cha mgonjwa. Alikwenda moja kwa moja uani, akainamisha tairi. Maji yaliyotoka hayakujaa hata bakuli, na ndani yake viluwiluwi vinacheza.

Mbu wa dengi hana haja ya bwawa. Anataka maji kidogo, tena masafi, kwenye chombo: tairi, kopo, sinki, kifuniko cha ndoo. Anauma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakikukingi naye. Na mayai yake yanaweza kukaa yamekauka kwenye ukingo wa chombo kwa miezi, yakisubiri mvua. Kwa hiyo hata ukimwaga maji ukalirudisha tairi palepale, vuli ikinyesha unaanza upya. Yule mwalimu alipotoka hospitali na mwanawe, uani palisafishwa mchana mmoja. Hakuna aliyesema hana hamu. Walikuwa na jina la mtu.

Lakini naomba nisieleweke vibaya. Wapo wanaohubiri kwamba nyumba nzuri ni nyumba tupu. Hao hawajakaa Dar es Salaam. Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua maji tukaingia kwenye mgao, aliyekuwa na diaba na madumu alipika, na aliyekuwa hana alikwenda kuomba. Madumu ya maji si takataka. Sufuria kubwa ya pilau inayotoka mara mbili kwa mwaka si takataka, ukoo mzima unaitegemea. Godoro la ziada la kumlaza shangazi akija matibabu Muhimbili, liweke. Madumu yafunikwe tu, na sufuria ile ijulikane ipo kwa nani, maana ukoo hauhitaji sufuria tano za namna ile kwenye nyumba tano. Moja izunguke.

Mtu atauliza, Mwalimu, mbona basi mkono ni mzito hata kwa kitu ambacho najua hakina kazi? Ni maumbile yetu. Mwaka 1990 wataalamu watatu, Kahneman, Knetsch na Thaler, walichapisha majaribio yao, na moja lilifanywa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kwa vikombe vya kawaida. Nusu ya darasa walipewa kikombe, kikawa mali yao. Nusu hawakupewa. Wenye vikombe wakaulizwa wangeuza bei gani, wasio navyo wangenunua bei gani. Kikombe ni kilekile, kimekaa mkononi mwao muda mfupi tu, lakini wauzaji walitaka zaidi ya mara mbili ya bei ya wanunuzi. Kwa kuwa ni changu, kimepanda thamani. Sasa kama kikombe cha muda mfupi kinamshika mtu hivyo, itakuwaje suti uliyoinunua kwa mshahara wa kwanza?

Kwa hiyo ukikishika kitu usijiulize ulinunua shilingi ngapi. Hela ile ilishaondoka siku ile dukani, na kukilaza stoo hakuirudishi. Jiulize hivi: leo nisingekuwa nacho, ningetoa hela mfukoni nikakinunue? Kama jibu ni hapana, mwili wako umeshajua. Wenye zawadi nao wananiuliza, "Na alichonipa wifi?" Wifi alikupa upendo siku ile, ukaupokea. Hakukukabidhi ulinzi wa chombo.

Sasa nirudi kwenye lile swali la mwanzo, nani hana nafasi, maana kuna mtu bado sijamtaja, na siwezi kukaa kabla sijamtaja. Dada wa kazi.

Analala wapi? Naomba kila mmoja ajibu moyoni mwake. Katika nyumba nyingi ninazoingia, godoro lake linakunjwa asubuhi na kusimamishwa nyuma ya mlango wa jikoni. Nguo zake ziko kwenye mfuko wa salfeti, juu ya mfuko wa mkaa. Hana msumari wa kutundikia gauni. Na hatua nne kutoka hapo kuna chumba, chumba kizima chenye dirisha na neti, kinalaza mazulia yaliyokunjwa, feni iliyovunjika panga, baiskeli ya mtoto ambaye sasa yuko chuo, na marobota ya kupeleka kijijini ambayo hayaendi. Binti wa watu ametoka Singida au Iringa, analea watoto wetu, anapika chakula chetu, na feni mbovu ina chumba. Hili halinihitaji nilete utafiti wa chuo chochote. Tukitoka hapa, kama nyumba yako iko hivyo, anza na chumba hicho. Kitanda, msumari, ufunguo. Hamu isipokuja kwa sababu hiyo, sijui itakuja kwa sababu gani.

Namna ya kufanya sitaisema sana, mnaijua. Chagua mtu mmoja na sehemu moja ndogo, na uweke siku. Usifungue kila kitu kwa mpigo ukashindwa kupata pa kulala. Kisichokuwa chako usikiguse bila mwenyewe. Baba mmoja alirudi kazini akakuta boksi la vipuri vyake limeuzwa kwa wa vyuma chakavu, na ndani mlikuwa na spana alizoachiwa na baba yake. Nyumba ikawa safi na haina maelewano. Akina baba, na nyinyi msisubiri mfikishwe huko, boksi lenu lipangeni wenyewe. Watoto waulizwe pia. Mtoto wa miaka sita anajua ni mwanasesere yupi wa kumpa mwenzake, ukimpa heshima ya kuulizwa.

Na vikitoka viende mahali. Anayepita na mkokoteni na kipaza sauti anaita "vyuma chakavu, betri mbovu, friji bovu" ni rafiki yenu, msimamisheni. Mafundi wa redio na simu wanachukua vipuri. Nguo za kumpa mtu ziwe zile ambazo ungeweza kumvisha mwanao, zimefuliwa, vifungo vipo. Kituo cha yatima si jalala, na kijijini kwa bibi si jalala. Bibi naye ana nyumba ndogo, tena anaona haya kutupa kilichotoka mjini kwa watoto. Na popote mtakapopeleka, isiwe mtaroni. Mnakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, watu wa Bonde la Msimbazi walivyokaa juu ya mabati wakisubiri kuokolewa, wengine wakahamishiwa Mabwepande. Mvua ilikuwa kubwa mno, hilo kweli, lakini kila mtaro ulioziba kwa magodoro na makopo unaongeza maji kwenye nyumba ya mtu.

Kuna mlango mmoja tusipoufunga tutatoa vitu mpaka tuchoke. Akina mama, naomba tuseme juu ya mchezo wetu wa vyombo. Ulitusaidia. Wengi hapa mlipata sufuria zenu za kwanza kwa mchezo, na nauheshimu. Lakini sasa tunazungusha hotpoti kwa watu wenye hotpoti. Na sare za sherehe: kichen pati kitenge chake, sendofu kitenge chake, harusi kitenge chake, na kimoja hakivaliwi mara mbili. Hela inatoka kwenye ada ya mtoto. Napendekeza, na mwenyekiti wa kikoba ameniruhusu nipendekeze mbele yenu, mzunguko ujao wa mchezo uwe wa kumtengenezea mwenzetu sehemu ya nyumba. Zamu yako ikifika, fedha inunue kitanda cha dada, au taa na kiti cha mtoto kusomea, au rafu ya ukutani. Na tutakaofika kukabidhi tufike na mikono ya kusaidia kuitoa mizigo iliyokalia hapo.

Kuhusu siku. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunatoka kwa usafi, tunafagia mbele ya nyumba na kuzibua mitaro. Mwezi huu, tukishamaliza nje, tuingie ndani. Mwenyekiti wa mtaa amekubali uwanja wa ofisi yake utumike kuanzia saa nne. Vitu vizima vitapangwa chini ya mwembe, mwenye kuhitaji achukue bila kuulizwa. Vibovu vitakaa upande wa barabarani ambako mikokoteni inafika. Matairi yaje yamemwagwa maji. Wazee na wagonjwa wasiojiweza kubeba, vijana mliokaa nyuma pale nimewaona, mtapita nyumba kwa nyumba mkiitwa, na mtakula mchana kwangu.

Katibu ana daftari pale mlangoni. Anayeshiriki aandike jina lake, na pembeni aandike jina la mtu wa ndani ya nyumba yake anayemfungulia nafasi. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.